Indianapolis, mji wa wanaongoja kuitwa

Dada yangu mkubwa hanitumi mara nyingi, lakini akinituma hakuna kukataa. Mwezi wa Julai 2025, aliposikia kwamba nasafiri kwenda Chicago kwa shughuli za kikazi, alinipigia simu usiku na kuniambia maneno machache tu: "Ukifika huko, mtafute mtoto wangu. Mwambie arudi nyumbani."

Mtoto mwenyewe si mtoto tena. Ni kijana wa miaka 26 aliyekwenda kusomea uhasibu katika jimbo la Indiana, akahitimu, na tangu siku hiyo amekuwa akifanya zamu ya usiku katika ghala moja la vifurushi huku akituma maombi ya kazi ofisi baada ya ofisi. Kila Jumapili mamake humpigia simu na kumuuliza swali lile lile. Kila Jumapili yeye hujibu, "Bado, Mama."

Kwa hivyo nilipomaliza shughuli zangu, nilipanda basi kuelekea kusini. Msomaji ambaye amewahi kupita Trans Nzoia mahindi yakiwa yamekomaa anaweza kuifahamu safari hiyo bila kuambiwa mengi. Ni mahindi kulia, mahindi kushoto, na nchi tambarare isiyo na hata kilima cha kukupumzisha macho. Tofauti ni ile mitambo mirefu meupe ya kuzalisha umeme kwa upepo iliyosimama katikati ya mashamba, ikizungusha mapanga yake polepole kana kwamba haina haraka ya kwenda popote. Baada ya saa tatu na ushei, majumba ya Indianapolis yalijitokeza.

Huu ni mji mkuu wa Indiana, na watu wengi duniani huujua kwa mashindano ya magari ya kila Mei yaliyoanza mwaka wa 1911. Katikati yake kuna mzingo wa barabara, na katikati ya mzingo huo kuna mnara wa mawe wa kuwakumbuka wanajeshi, wenye urefu wa mita 87, uliozinduliwa mwaka wa 1902. Mpwa wangu alinipokea hapo chini ya mnara. Alikuwa amekonda kidogo, lakini tabasamu lilikuwa lile lile la utotoni.

Tulisalimiana, nikampa majani chai na njugu alizotumiwa na mamake. Nilipoanza kufungua kinywa ili nitoe ule ujumbe mwingine, alinikatiza kwa heshima.

"Mjomba, ninajua ulilotumwa. Lakini kabla hujaniambia, twende kwanza uwanjani. Kuna jambo nataka ulione."

Uwanja wa nyasi na mablanketi

Uwanja wenyewe unaitwa Victory Field, na ulifunguliwa mwaka wa 1996 karibu na White River, mto unaopita mjini humo. Hapo ndipo nyumbani kwa Indianapolis Indians, klabu ya besiboli iliyoanzishwa mwaka wa 1902, mwaka ule ule wa mnara. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa huwa kuna fataki baada ya mchezo, kwa hivyo familia zilikuwa tele. Tulinunua soda na bisi, tukatandika blanketi kwenye mteremko wa nyasi ulio nyuma ya wachezaji wa mbali. Jua lilikuwa likimulika vioo vya hoteli moja ndefu yenye rangi ya samawati, na watoto walikuwa wakibingirika mtelemkoni kama watoto wa kwetu wafanyavyo bustanini Uhuru.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, nitasema tu kwamba ni binamu wa kriketi, na ni ndugu wa ule mchezo wa raundazi tuliocheza shule ya msingi. Mrushaji hutupa mpira, mpigaji hujaribu kuugonga kwa gongo, na akiupiga vyema hukimbia kuzunguka vituo vinne hadi arudi alikoanzia. Akiutoa mpira nje ya uwanja, hukimbia bila haraka huku watu wakimshangilia.

Mchezo ulipoanza, niliona vijana wenye nguvu za ajabu. Mpira ulitoka mkononi mwa mrushaji, na kabla sijauona, mdakaji alikuwa tayari ameunyaka kwa mlio kama wa kofi. Nikamwambia mpwa wangu kwamba bila shaka hawa ndio mabingwa wa Marekani.

Alicheka. "La, Mjomba. Hawa wanangoja."

Ngazi yenye vipago

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo sikulijua. Ligi kuu ya Marekani ina klabu 30. Kila klabu ina timu nne za chini yake zilizopangwa kama ngazi, hivi kwamba timu hizo zote ni 120. Klabu inayomiliki mikataba ya vijana wa Indianapolis ni Pittsburgh Pirates. Kijana anayesajiliwa nayo akiwa mchanga aghalabu hupitia Bradenton kule Florida, kisha Greensboro, North Carolina, kisha Altoona, Pennsylvania, na mwishowe Indianapolis. Kipago hiki cha mwisho huitwa Triple-A. Juu yake hakuna kingine ila Pittsburgh yenyewe, kilomita 580 hivi kwa barabara. Ni mwendo unaozidi kidogo ule wa Nairobi hadi Mombasa.

Lakini umbali huo, msomaji, si wa barabara tu. Katika mwaka wa 2025 mchezaji wa ligi kuu hakuweza kulipwa chini ya dola 760,000 kwa mwaka. Kwa upande wa vijana wa Triple-A, kima cha chini kilikuwa dola 17,500, na hakikupanda hadi 35,800 ila baada ya wachezaji wa ligi ndogo kujiunga na chama cha wafanyakazi na kupata mkataba wao wa kwanza mwaka wa 2023. Baina ya kipago cha mwisho na dari, basi, tofauti ni ya takriban mara 20.

"Sasa wanaitwa vipi?" nikauliza. "Anayecheza vizuri zaidi ndiye anayekwenda?"

"Hapo ndipo penye mambo," akasema.

Timu ya ligi kuu huruhusiwa wachezaji 26 kwa sehemu kubwa ya msimu, na nyuma yao kuna orodha ya watu 40. Mtu hawezi kupanda ila mwingine ateremke, auzwe au aumie. Kwa hivyo kijana anaweza kuwa hodari kuliko wote walio Indianapolis na bado asiitwe, kwa sababu tu yule aliye mbele yake kule juu ni mzima wa afya. Tena mwito wenyewe hauna saa. Huweza kuja usiku baada ya mchezo, kijana akaambiwa afungashe virago ili kesho yake awe uwanjani Pittsburgh.

Sisi tumelelewa na methali isemayo kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Nilipoitaja, mpwa wangu alitikisa kichwa. Akanisimulia habari za Kris Bryant.

Bryant alikuwa kijana aliyetazamiwa sana na klabu ya Chicago Cubs. Kabla ya msimu wa 2015 kuanza, alipiga mipira kuliko karibu kila mtu. Hata hivyo, klabu ilimpeleka kwanza ligi ndogo, kisha ikamwita tarehe 17 Aprili. Kwa nini siku hizo chache? Kanuni husema kwamba siku 172 katika ligi kuu huhesabiwa kuwa mwaka kamili, na mchezaji akitimiza miaka 6 huwa huru kwenda anakotaka. Bryant alimaliza msimu akiwa na siku 171. Siku moja tu ilimpungukia, na klabu ikapata mwaka mmoja zaidi wa kuwa naye. Klabu ilisema alihitaji kuboresha mchezo wake. Yeye alilalamika rasmi, na mwaka wa 2020 mwamuzi akaamua kwamba klabu haikuvunja mkataba.

Mwaka wa 2022 kanuni zilirekebishwa. Sasa kijana akishika nafasi ya kwanza au ya pili katika kura ya mchezaji mpya bora, huhesabiwa mwaka mzima hata kama alichelewa kuitwa. Na mmoja wa waliofaidika alipitia uwanja huo huo tuliokuwa tumeketi. Paul Skenes, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa nchini kote mwaka wa 2023, alianza msimu wa 2024 akiwa Indianapolis. Alirusha katika michezo saba, na wapigaji hawakumwelewa. Tarehe 11 Mei akaitwa Pittsburgh, na mwisho wa mwaka akatwaa tuzo ya mchezaji mpya bora. Siku zake hazikutosha, lakini alihesabiwa mwaka kamili.

"Na sasa kuna mwingine," mpwa wangu akaendelea. "Anaitwa Bubba Chandler. Ana miaka 22, na mpira wake hufika kilomita 160 kwa saa. Watu wote hapa wanauliza ataitwa lini."

Jioni hiyo haikuwa zamu yake ya kurusha. Mzee mmoja Mmarekani aliyeketi karibu nasi, mwenye daftari na penseli ya kuandika kila mpira uliorushwa, alilisikia jina hilo akainua kichwa. Alituambia kwamba yeye huja pale tangu ujana wake, na kwamba siku anayoipenda kuliko zote ni ile anayofika na kukuta jina la kijana anayemjua halipo tena kwenye orodha ya wachezaji wa siku hiyo.

Mwafrika wa kwanza na mwana wa mji

Nilimuuliza mpwa wangu iwapo kuna Mwafrika yeyote aliyewahi kuipanda ngazi hiyo hadi juu. Macho yake yaling'aa.

Alikuwepo Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mamake alikuwa mfanyakazi katika klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg, na waliishi katika chumba kimoja hapo hapo klabuni. Kijana alikua akiutazama mchezo kutoka mlangoni pake. Mwaka wa 2008 alitia sahihi mkataba na Pittsburgh, akaanza kupanda kipago baada ya kipago. Mamake alifariki mwaka wa 2013 kabla ya kumwona akifika. Ngoepe alifika Indianapolis, akangoja hapo, na tarehe 26 Aprili 2017 akaitwa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka minane. Usiku huo huo aliingia uwanjani dhidi ya Chicago Cubs, na mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira akafika kituo cha kwanza. Akawa Mwafrika wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Marekani.

Ningependa kuishia hapo, lakini ukweli una mkia. Ngoepe alicheza michezo 28 tu Pittsburgh mwaka huo. Mwaka uliofuata alicheza 13 akiwa na klabu ya Toronto, na huo ukawa mwisho wake katika ligi kuu. Kuitwa ni jambo moja, kubaki ni jingine.

Majirani zetu wa Uganda nao wamekwisha kuushika mwanzo wa ngazi hiyo. Mwaka wa 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto kule Pennsylvania, na mwaka wa 2022 vijana wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na klabu ya Los Angeles Dodgers.

Mzee mwenye penseli alitusikiliza, kisha akasema kwamba mji wake una mwana mmoja ambaye hakuitwa kamwe. Jina lake Oscar Charleston, mzaliwa wa Indianapolis wa mwaka wa 1896. Wajuzi wa mchezo humhesabu miongoni mwa wachezaji bora waliopata kuishi. Lakini alikuwa mtu mweusi, na wakati wake ligi kuu ilikuwa imewafungia weusi mlango. Alicheza katika ligi za weusi maisha yake yote. Jackie Robinson alipoufungua mlango huo mwaka wa 1947, Charleston alikuwa na umri wa miaka 50. Alifariki mwaka wa 1954. Mwishoni mwa mwaka wa 2020, ligi kuu ilitangaza kwamba ligi zile za weusi nazo zilikuwa ligi kuu. Ni heshima, ndiyo, lakini ilimfikia akiwa kaburini kwa miaka 66.

Nilinyamaza. Ile methali ya kizuri chajiuza niliimeza pamoja na bisi zangu.

Kikomo cha Desemba

Giza lilikuwa limeingia na taa kubwa zimewashwa. Hapo nikatoa ujumbe wa dada yangu jinsi nilivyotumwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nikamwambia pia la kwangu mwenyewe, kwamba mtu anaweza kuuita uvivu wake subira.

Hakukasirika. "Mjomba," alisema, "sikukuleta hapa nikwambie nitangoja milele. Hata hawa hawangoji milele."

Akanieleza kanuni moja ya mwisho, na hii ndiyo iliyonibadilisha nia. Klabu haiwezi kumficha kijana chini daima. Baada ya misimu minne au mitano, kutegemea umri aliosajiliwa nao, ni lazima imwingize katika ile orodha ya watu 40. Isipofanya hivyo, mwezi wa Desemba klabu nyingine yoyote yaweza kumchukua kwa dola 100,000, kwa sharti kwamba imweke katika timu yake kubwa msimu mzima, la sivyo imrudishe. Kanuni ya namna hiyo ni ya zamani. Ndiyo iliyomtoa Roberto Clemente, kijana wa Puerto Rico, aliyekuwa akiozea benchi katika timu ndogo ya Dodgers kule Montreal. Mwishoni mwa mwaka wa 1954 Pittsburgh ilimchukua kwa dola 4,000. Alikuja kupiga mipira 3,000 na kutwaa ubingwa mara mbili, na hadi leo jina lake ni fahari ya Pittsburgh.

"Kwa hivyo nami nimejiwekea Desemba," mpwa wangu akasema. "Nimekuwa nikingoja ofisi kubwa za mji huu peke yake. Ikifika Desemba hazijaniita, nitakwenda popote pale patakaponichukua, hata kama ni padogo. Na kama hakuna, nitarudi nyumbani. Mwambie Mama hivyo."

Fataki zilianza kulipuka juu ya mto. Watoto walipiga mayowe ya furaha, na mzee akafunga daftari lake. Nilimtazama mpwa wangu, ambaye saa nne usiku alitakiwa awe ghalani akibeba vifurushi, nikaona kwamba ujumbe niliokuja nao haukuwa mzito kama ule ningerudi nao.

Dada yangu hakufurahi. Aliniambia nimemtuma fisi kuleta nyama. Lakini aliandika neno Desemba kwenye kalenda ya jikoni, na baada ya hapo, kila Jumapili, hakuuliza tena lile swali. Alimuuliza kijana amekula nini.

Tarehe 22 Agosti nilipata ujumbe kwenye simu yangu. "Mjomba, Chandler ameitwa." Usiku huo kijana yule alirusha kwa vipindi vinne bila kuruhusu mpinzani hata mmoja kufunga. Nikamuuliza mpwa wangu, na wewe je? Akajibu, "Bado."

Ofisi kubwa za Indianapolis hazikumwita. Wiki ya kwanza ya Desemba alimpigia mamake simu, yeye mwenyewe, siku ambayo hata haikuwa Jumapili. Alikuwa amepata kazi ya uhasibu katika ofisi ndogo mjini Fort Wayne, kilomita 200 hivi kutoka Indianapolis, mshahara wake ukiwa mdogo kuliko ule wa ghalani. Mimi nilitafuta habari za mji huo haraka haraka na kukuta kwamba nao una timu ya besiboli, ila iko vipago viwili chini ya Indianapolis. Nilipomwambia hivyo, alicheka hadi akakohoa.

Dada yangu alinipigia baadaye usiku huo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia kidogo na kujifuta.

"Hebu niambie," akasema. "Hiyo Fort Wayne iko wapi, na kuna baridi kiasi gani? Nataka kumtumia sweta."